Albamu ya pamoja ya Google Photos kwa picha za misimu ya Dodoma

Majirani wa mtaa wetu hapa Dodoma, pamoja na marafiki wachache wa vijiji vya jirani, hukusanya picha za misimu katika albamu moja ya Google Photos, huduma ya Google ya kuhifadhi picha mtandaoni, na kwa kuwa wengi huuliza kwa nini hatukubaki kwenye kundi la WhatsApp ambalo kila mtu analo tayari, nimeona nieleze huduma hii inatufaa wapi na inadai uangalifu gani.

Sababu kubwa ni tarehe. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Mvua mbili tatu zikinyesha, nchi hubadilika sura, na picha isiyoeleweka ilipigwa lini haitusaidii kuufuata msimu. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na huondolewa taarifa za siku na saa ilipopigwa. Google Photos huzihifadhi taarifa hizo, na albamu inaweza kupangwa kwa kuzifuata, hata kama mwenye picha ameipakia miezi mitatu baadaye.

Faida yake huonekana pale watu wawili wasiopanga jambo lolote wanapopiga kitu kilekile. Katika albamu yetu kuna mbuyu mmoja ulio kando ya njia ya Hombolo. Kijana wa bodaboda aliupiga Oktoba: matawi matupu, vumbi hadi kwenye shina, na chini kovu pana ambapo gome lilichunwa kwa ajili ya kamba. Mwalimu mmoja akaupiga Januari akienda kazini, ukiwa umefunikwa na majani, na kovu lile lile likionekana limeanza kujifunga pembeni. Hakuna kati yao aliyejua kuhusu picha ya mwenzake mpaka albamu ilipoziweka zote mbili mahali pamoja.

Ninazipenda zaidi picha ambazo mpiga picha wa kulipwa asingezifikiria. Mama mmoja jirani alipiga beseni la maji aliloliweka chini ya taa ya barazani usiku baada ya mvua ya kwanza, kumbikumbi wamejaa humo na mabawa yao yanaelea juu. Mkulima wa zabibu, zao ambalo hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, huleta picha za mizabibu inapopogolewa na inapozaa, kwa hiyo ukipitisha kidole unaona mavuno mawili ya mwaka mmoja yakifuatana. Wengine huleta mtama ukianikwa au korongo lililojaa maji, na zote zina nafasi yake.

Kuhusu gharama, kila akaunti hupewa GB 15 bila malipo, nafasi inayotumiwa pia na barua pepe za Gmail na mafaili ya Drive, na picha unayoichangia huhesabiwa kwenye nafasi yako mwenyewe. Anayebana bando na nafasi achague ubora wa kubana, ambao huishusha picha yenye zaidi ya megapikseli 16 hadi kiwango hicho. Kwa kutazama kwenye simu na hata kwa kuchapisha picha ya ukutani, huo unatosha kabisa. Asiye na akaunti ya Google anaweza kuona albamu kwa kiungo, ila hawezi kuchangia. Wazee wetu kadhaa wako katika hali hiyo, nasi huwaomba wamtumie jirani mmoja picha kupitia WhatsApp kama faili la hati, kwa kuwa zikitumwa hivyo hubaki na tarehe na ubora wake.

Uangalifu unahitajika katika faragha. Yeyote mwenye kiungo anaweza kuitazama albamu, kwa hiyo mwenye albamu azime kiungo baada ya watu wake kuingia, ingawa wasio na akaunti hawataweza tena kuiona, na azime pia kipengele kinachoonyesha mahali picha ilipopigwa, kwa sababu picha ya ua wa mtu humwelekeza mgeni hadi mlangoni. Picha za watoto wa wenzetu tunaziomba kwa wazazi kwanza; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, ujirani ungetudai hivyo hivyo.

Jambo moja kila kundi lilijue mapema: mtu akijitoa kwenye albamu, picha alizochangia huondoka pamoja naye. Katika mji wenye watumishi wengi wanaohamishwa kila mara, hilo si dogo. Kwa sababu hiyo naipendekeza huduma hii kwa moyo wote kwa mitaa mingine, kwa sharti kwamba mwenye albamu apakue nakala ya picha zote kila mvua zinapokatika na kila kiangazi kinapokwisha, aziweke kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae kwa jirani mwingine.