Sato wa Kirumba kwa yule beki mstaafu: msosi uko poa, bili inaeleweka, wahudumu ndo shida

Wadau wa Mwanza na nyie mnaokuja kutembea, kama upo Kirumba na njaa inauma halafu hutaki yale mahoteli ya Capri Point ambayo unalipia upepo wa ziwa kuliko samaki, kuna sehemu moja ukishuka kuelekea Mwaloni, lile soko la samaki, haina kibao, we mwambie boda "kwa yule beki wa zamani" anakupeleka. Jamaa alikipiga ligi kuu enzi hizo, akatundika daluga, sasa hivi anauza sato. Jina lake kagoma kuliandika ukutani na picha za enzi zake hakuna hata moja, kuna friza mbili, meza za plastiki, tivii na kalenda ya benki, basi.

Tuanze na samaki maana ndo tulichofuata. Beki anaenda mwaloni mwenyewe alfajiri, hatumi kijana, na kwenye sahani unaona tofauti, kwa sababu migahawa mingi hapa mjini inakupa sato aliyelala kwenye friza mpaka nyama imekuwa unga, ukimgusa anasambaratika. Wa hapa nyama imeshikana, inatoka kwenye mwiba kipande kizima, ngozi imekauka na haijalowa mafuta. Mama anayekaanga anamchanja ubavuni, anampaka limao, chumvi na kitunguu saumu, anamwacha kidogo, halafu hamtumbukizi mpaka mafuta yachemke kweli, hata ukimharakisha hakusikilizi. Kachumbari ina pilipili mbuzi, kama tumbo lako la maziwa sema mapema. Ugali upo wa dona na wa muhogo, chukua wa muhogo. Chukuchuku nimeila pia, mchuzi mwepesi wa nyanya na kitunguu, nzuri ila siyo ya kukutoa nyumbani. Sangara hana, ukimuuliza anakwambia wa maana wote wanaishia viwandani wanakatwa minofu inapanda ndege.

Bei: sato wa kati na ugali elfu kumi na mbili, mkubwa elfu kumi na nane, na anawekwa kwenye mizani mbele yako akiwa mbichi. Hii ya mizani naomba wengine waige, tumechoka kukadiriwa kwa macho na mtu anayeangalia umevaa viatu gani.

Sasa kilichonifanya niandike ni kaunta. Kuna kaunta buku, kila sahani inayotoka inaandikwa, lipa namba ni ya biashara na haichanganywi na simu yake, na yeye mwenyewe akila analipa. Sitanii. Mdogo wake alikuja akafungua friji akachukua soda, beki akamnyooshea kidole ile karatasi ya lipa namba bila kusema neno. Siku nyingine akaingia jamaa na jezi, kelele nyingi, legend, legend, kumbe anataka sahani mbili atalipa mwisho wa mwezi. Beki akampa mkono, akapiga naye picha, akamwambia: "Picha bure mdogo wangu, sato analipiwa."

Mwenyewe hafichi kwamba alishawahi kufulia. Dau la kwanza la usajili likaishia kwenye gari, la pili akampa ndugu afungue duka la vifaa vya ujenzi, yeye yuko kambini huku duka linaliwa, anakuja kushtuka limebaki shelfu. Ndo maana leo mwaloni anaenda kwa miguu yake.

Pale mezani stori hizi haziishi. Mmoja akamleta Mike Tyson, kaingiza zaidi ya dola milioni 300 ulingoni na mwaka 2003 akaenda mahakamani kutangaza kafilisika. Mi huwa nawaambia Tyson tumuache, kila mtu anamtaja na kila mtu anamalizia na wale chui milia aliowafuga, tunacheka tunaondoka hatujajifunza kitu. Muangalie Antoine Walker wa kikapu, bingwa wa NBA 2006 na Miami Heat, mishahara zaidi ya dola milioni 100, mwaka 2010 kafilisika. Bata alikula, kamari alicheza, ndugu na washkaji alibeba, ila pia aliingia kwenye biashara ya majumba Chicago akasaini dhamana kwa jina lake binafsi, soko la nyumba lilipoanguka benki zikamfuata yeye. Hiyo siyo starehe, hiyo ni saini, na saini ndo inamaliza hata wachezaji wetu wanaokunywa maji tu.

Halafu kuna utafiti wa wachumi wa Marekani wa 2015 kuhusu wachezaji wa NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani, karibu 16% walikuwa wametangaza kufilisika ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu, na aliyecheza muda mrefu akalipwa nyingi hakuwa salama zaidi ya aliyecheza kidogo. Kwa hiyo ile hoja ya kijiweni kwamba wetu wanafulia kwa sababu mishahara ni midogo, mi siinunui yote.

Shida kubwa ni umri. Allen Iverson wa kikapu, inaripotiwa kampuni ya viatu ya Reebok walimtengea dola milioni 32 ambazo haruhusiwi kuzigusa mpaka afike miaka 55, yaani 2030. Na hapa kwetu kustaafu kwa hiari ni miaka 55 vilevile, lazima ni 60. Beki kaacha mpira na miaka 33. Hata kama klabu ilimlipia michango yote NSSF (hapo nimecheka kidogo), katikati kuna miaka 22 ya kula, ada na kodi, na goti moja bovu. Hiyo miaka 22 ndo inaua watu, na yeye anaijaza kwa sato mmoja mmoja.

Ukitaka wa kuiga wapo. Junior Bridgeman, mcheza kikapu wa Milwaukee Bucks, mshahara wake haukuwahi kufika dola laki nne kwa mwaka, akaingia kwenye migahawa ya Wendy's mpaka akamiliki zaidi ya mia, kafariki Machi 2025 akiwa bilionea. Na kwa nini tufike mbali hivyo, Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974 leo watoto wanasoma kwenye shule zake Kimara na Kibaha, ila hizo hutazisikia kijiweni, tunapenda za waliofulia.

Haya, lawama. Wahudumu ni wawili na wote wanaangalia mpira, kukiwa na mechi agiza kabla ya filimbi ya kwanza, la sivyo utakula mapumziko. Nilimuita binti mmoja mara kibao, akanijibu "subiri kona ipigwe kaka". Choo kipo nyuma, kisafi ila sabuni hakuna, na mtu kala sato kwa mkono jamani, anawe na nini? Chenji pia tatizo, nenda na hela ya simu. Siku Pamba Jiji wanacheza CCM Kirumba sahau kupata kiti. Na beki mwenyewe akianza stori za mechi zake hamalizi, we umeshikilia tonge ugali unapoa.

Kwa msosi nampa 9, kwa huduma 5, tena hiyo 5 ni ya mama wa jikoni. Fika kabla ya saa nane mchana, baada ya hapo wanabaki wadogo wadogo na ugali wa muhogo unakuwa umeisha. Jumatatu kunafungwa.