Zanzibar 1964 na Uganda 1972: wenye mali walipoondoka

Zanzibar, Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalifuatiwa na kutaifishwa kwa ardhi, familia zikagawiwa eka tatu tatu. Uganda, Idi Amin aliwapa Waasia, wengi wao wenye asili ya India, siku 90 kuondoka nchini mwaka 1972. Maduka na viwanda vikaangukia mikononi mwa wanajeshi na washirika wao.

Uganda ndiyo iliyoanguka kwa kishindo. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilikosa vipuri na mafundi, uzalishaji ukakaribia kufa. Zanzibar ilidhoofika polepole, na kwa maoni yetu kosa kubwa zaidi lilikuwa bei: shirika la serikali, mnunuzi pekee wa karafuu, lilimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa. Nani apande kwa malipo hayo? Mikarafuu ikazeeka, magendo ya kwenda Kenya yakashamiri, nayo Indonesia, mteja mkubwa, ikaanza kujitosheleza.

Baadaye Uganda ilirudisha mali, na familia za Madhvani na Mehta, Waasia waliomiliki Kakira na Lugazi, wakafufua viwanda vyao. Zanzibar haikurudisha mashamba, na wasomi wake wengi wenye asili ya Oman waliitikia wito wa Sultan Qaboos wa nchi hiyo baada ya 1970, wakaenda kujenga wizara na shule zake.