Saa ya kuondoka kambini: Seronera, Simba na Masai Mara, wapi unapata haki ya pesa yako?

Anayelala kwenye hema ndani ya Hifadhi ya Serengeti hubanwa na saa ya geti kuliko saa ya kambi. Kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja, na saa hizo huanza kuhesabiwa pale kibali kinaposajiliwa getini. Ukisajiliwa geti la Naabi saa 8:10 mchana kwa usiku mmoja, kesho yake saa 8:10 mchana uwe umeshatoka. Kwa usiku mbili ni saa 48, hivyo hivyo. Kibali huchapwa kwa mtindo wa 14:10, kwa hiyo mkisome na wageni wako kabla hamjaondoka dirishani, maana ndiyo saa itakayowasumbua keshokutwa.

Kwa mpiga kambi, utaratibu huu ni mzuri kuliko watu wanavyousema vibaya. Ukichelewa kuingia hupotezi kitu, saa zako unazo kamili. Mgeni asiye mkazi analipa dola 70 kwa saa 24 katika msimu mkubwa, na ukiongeza VAT ya 18% inakuwa dola 82.60. Kulala kwenye kambi ya umma ni dola 30 kabla ya VAT, yaani 35.40. Ukipitiliza muda, kinachoongezeka ni kiingilio, wala si pesa ya kulala: wageni wanne ni dola 330.40 kwa kuchelewa tu. Mwenye kampuni hawezi kumrudishia mgeni mzigo huo bila ugomvi, kwa hiyo humwangukia dereva. Ndiyo maana asubuhi ya mwisho ukiona dereva anatazama saa kuliko chui, mwelewe.

Hesabu ipigwe kutoka getini kurudi nyuma. Kutoka kambi za Seronera, katikati ya hifadhi, hadi Naabi ni kama kilomita 45 za barabara ya vumbi yenye makunyanzi kama bati, na mwendo unaoruhusiwa hifadhini ni kilomita 50 kwa saa. Weka saa moja na nusu, kwa sababu barabarani simba hawasomi kibali na mgeni atataka kusimama. Ongeza nusu saa ya foleni getini. Kati ya saa 4 na saa 6 mchana magari yanayoingia kutoka Ngorongoro na yanayotoka hukutana pale pale. Kwa hiyo kibali cha saa 8:10 maana yake magurudumu yaanze kuzunguka Seronera saa 6 kamili, bila mjadala.

Kuna ujanja mmoja halali ambao madereva wazoefu wanautumia siku ya kuingia. Ukifika Naabi saa 6:30 na wageni wana njaa, kuleni kwanza pale kwenye meza za picnic, mpande kilimani kutazama mbuga, ndipo mkasajili kibali. Hizo dakika 50 mnazipata kesho yake mwishoni, wakati zina thamani zaidi. Sharti ni moja: kibali chako cha Ngorongoro kiwe bado kina muda, maana huko nako saa 24 zinahesabiwa.

Sasa kambi yenyewe. Pimbi, Nyani, Dik Dik, Tumbili, Nguchiro na Ngiri ziko karibu karibu, hazina uzio, zina banda la kupikia na la kulia lenye nyavu za kuzuia nyani na fisi, na vyoo. Nafasi za mahema hazina namba: anayetangulia ndiye anayechagua. Hapa ndipo huduma inapopungua. Kwa kuwa saa ya kuondoka iko getini, hakuna anayekuhimiza uondoe hema asubuhi. Kundi lenye kibali kinachoisha saa 10 jioni linaacha mahema yake chini ya mgunga mpaka saa 6 au 7 mchana, na kundi linalofika saa 7 linabaki na sehemu ya jua au ile iliyo jirani na choo. Msimu wa Julai hadi Septemba baadhi ya makampuni hutuma gari la vifaa mapema lisimamishe mahema matupu ya kushika nafasi. Ni tabia mbaya, na ingekwisha kama kambi ingekuwa na saa yake: hema lishuke saa 4 asubuhi, mtu abaki hifadhini mpaka kibali chake kiishe. Ni vitu viwili tofauti, na mpaka sasa vimefungwa pamoja bila sababu.

Kushusha kambi kwa saa 4 inawezekana bila kumnyima mgeni asubuhi yake, mradi mpishi na dereva wamegawana kazi. Magari yanaruhusiwa kutembea hifadhini kuanzia saa 12 asubuhi. Wageni wapewe chai na biskuti saa 11:30, mabegi yao yakiwa yamefungwa na kuachwa nje ya hema, kisha watoke na dereva saa 12. Mabegi yakibaki wazi ndani ya hema, mpango wote umekufa, kwa sababu mpishi hawezi kugusa mali ya mgeni. Mpishi na msaidizi wanaanza na magodoro, halafu wanafungua milango na madirisha ya mahema yote ili hewa ipite, wakati wao wanaandaa chakula. Ikifika saa 3, turubai ya juu imekauka. Wanaigeuza upande wa chini ipate jua dakika 15, wanang'oa vigingi, wanakung'uta udongo na kukunja. Hema la turubai la watu wawili huchukua watu wawili kama dakika 20 hadi 25 kulifunga vizuri. Wageni wakirudi saa 4 wanakuta chakula kizito cha asubuhi na kambi imekwisha. Keria ya juu ya gari inapakiwa wakati wanakula.

Kinachoharibika mara nyingi ni hema lililofungwa likiwa na umande. Usiku mmoja kwenye mfuko halidhuriki sana. Likikaa siku mbili kwenye joto juu ya keria linatoa madoa meusi ya ukungu kwenye mishono, na harufu ile haitoki kwa sabuni. Turubai linaanza kuoza pale pale kwenye mshono, ndipo mvua inapoingia. Kama ni lazima kulifunga bichi, mfuko uachwe wazi na hema litandazwe jioni ile ile mkifika mnakokwenda, hata kama hamtalala ndani yake.

Kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ni habari nyingine kabisa. Iko juu, zaidi ya mita 2,300, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ina ukungu mzito na baridi ya kutetemesha. Huko kusubiri hema likauke kabla ya saa 4 ni kujidanganya. Bahati nzuri ramani inakusaidia. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro nacho ni cha saa 24, dola 60 na VAT, jumla 70.80 kwa asiye mkazi, na kushuka kreta ni dola 295 kwa gari kwa kila mshuko, VAT ikiwemo. Anayetoka Serengeti akisajiliwa Naabi saa 8 mchana anafika Simba baada ya saa mbili hadi mbili na nusu. Akitaka kupita makumbusho ya Oldupai aongeze saa moja na nusu, nayo inakula kibali hicho hicho. Kesho yake anaondoka kambini saa 11:30 alfajiri, anashuka kwa barabara ya Seneto, na anapanda kwa Lerai kabla ya saa 6 mchana. Barabara ya Lerai inakutoa juu si mbali na Simba. Kwa hiyo mpishi anazo saa sita nzima za kusubiri jua, mahema yanakauka yakiwa yamesimama, na gari linapita kuchukua mzigo likielekea geti la Loduare, mwendo usiofika saa moja. Kambi hii ina msongamano na vyoo vyake vina sifa mbaya anayoijua kila mtu, lakini kwa suala la muda wa kuondoka ndiyo inayompangia mpiga kambi vizuri kuliko zote hizi tatu. Kosa la kawaida ni kung'ang'ania faru kreta mpaka saa 7: hapo Loduare mnafika jasho likiwatoka. Tembo nao huja mpaka kwenye tangi la maji la kambi, na tembo akisimama kati ya hema na gari, ratiba ni yake.

Masai Mara, upande wa Kenya, waliamua vingine. Tiketi siku hizi ni ya saa 12, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na anayelala ndani ya hifadhi lazima awe ametoka getini saa 4 asubuhi siku ya kuondoka. Akipitisha analipa siku nyingine. Kiingilio cha mgeni asiye mkazi ni dola 100 Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba, kwa hiyo gari la watu wanne likichelewa mwezi wa Agosti ni dola 800. Hiyo si faini ya kuchezea.

Kwa mwenye hifadhi, saa moja kwa wote ni rahisi kusimamia. Askari getini hahitaji kutafuta mgeni aliingia saa ngapi juzi; anatazama tarehe na saa ya ukutani basi. Ukaguzi wa kambi na usafi nao vinajulikana vinaanza lini. Ubaya wake ni kwamba magari yote yanakimbilia mageti kati ya saa 3 na saa 4, muda ule ule ambao wanyama bado wako barabarani na duma ndiyo kwanza anawinda. Ukitaka kuona dereva akisahau kikomo cha mwendo, kaa njia ya geti la Sekenani saa 3:40. Serengeti, kwa kila gari kuwa na saa yake, inasambaza utokaji wa magari siku nzima.

Kwa mpiga kambi sheria hii ni kali kuliko kwa mtu wa hoteli, kwa sababu wa hoteli anabeba begi moja na wewe unabeba nyumba. Kutoka kambi ya umma ya Serena, upande wa Mara Triangle, sehemu ya magharibi ya hifadhi, hadi geti la Oloololo weka saa moja na nusu ukiwa na gari lenye mzigo. Maana yake kambi iwe imeshapakiwa saa 2:30. Mzunguko wa alfajiri siku hiyo sahau, labda ule wa njiani kuelekea getini. Baluni nayo usiipange asubuhi ya mwisho: inaruka jua likichomoza, inakaa angani kama saa moja, kisha kuna kifungua kinywa porini, na ukimaliza saa 4 iko mlangoni. Baluni ni ya asubuhi ya kabla ya mwisho.

Njia iliyo bora Mara ni kulala usiku wa mwisho nje ya geti, kwenye kambi binafsi za upande wa Talek au Sekenani. Unautumia mchana wote hifadhini, unatoka kabla ya saa 12 jioni, na asubuhi unashusha hema kwa raha huku unakunywa chai. Kampuni inayokuuzia safari ya Mara ya mahema ikakuwekea usiku wa mwisho ndani, iulize inapata faida gani, kwa sababu wewe huipati.

Wenye kambi binafsi, iwe Talek, Karatu au Mto wa Mbu, kwa kawaida huandika kuondoka saa 4 na kuingia saa 8. Zile saa nne za katikati zina kazi: kuosha vyoo na mabafu, kumwaga taka, kujaza tangi maji kwa bauza, na kumwagilia majani. Hema likikaa sehemu moja usiku tatu mfululizo bila kuinuliwa mchana, majani ya chini yanageuka manjano na kurudi kwake ni wiki kadhaa, kwa hiyo mwenye kambi akikuomba uhamie pembeni mita tatu, hana nia mbaya. Ila kumfukuza mtu saa 4 kamili na hema bichi, wakati kambi ina nafasi 20 na wageni wa leo ni wawili, ni roho mbaya isiyo na faida.

Kambi zinazojua kazi yake hutenganisha: nafasi ya hema iachwe saa 4 au 5, kamba ya kuanikia mahema iwepo upande wa jua, na mtu aruhusiwe bafu na baa mpaka saa 8 kwa ada ndogo ya mchana iliyoandikwa mapokezi. Anayetaka kubaki na hema mpaka jioni alipe nusu ya bei ya usiku, na hilo lisemwe wakati wa kuhifadhi nafasi, kabla hajalipa. Mgeni naye, anapotuma ujumbe wa kuhifadhi, aulize mambo mawili tu: saa ya kuondoka ni ya hema au ya mtu, na kama gari linaweza kuachwa ndani baada ya hapo. Kambi ambayo haina jibu la moja kwa moja kwa hilo la pili, tafuta nyingine.