Mizani ya mafuta ya mwili: inapima uzito vizuri, inamshauri vibaya anayeanza mazoezi

Mizani ninayoitathmini hapa ni ile ya kidijitali inayokanyagwa kwa miguu mitupu na kuunganishwa na programu ya simu, ambayo mbali na uzito huonyesha pia makadirio ya mafuta, misuli na maji mwilini. Niliinunua nilipoanza kunyanyua vyuma na kukimbia. Katika kupima uzito peke yake sina malalamiko nayo, kwani ikiwekwa juu ya sakafu ngumu na tambarare hutoa jibu lile lile mtu anaposhuka na kupanda tena, na tarakimu zake zinasomeka hata penye mwanga hafifu. Kasoro yake imo katika maneno yanayofuata baada ya kipimo, nayo humwathiri zaidi mtu yule yule ambaye bidhaa hii imekusudiwa kumsaidia.

Muda mfupi baada ya kuanza mazoezi uzito wangu ulipanda badala ya kushuka. Programu ilionyesha mshale mwekundu, ikaeleza kwamba ninaliacha lengo langu, kisha ikanishauri nipunguze chakula. Ushauri huo umetolewa bila kuzingatia jambo ambalo watengenezaji wa kifaa cha aina hii wanapaswa kulijua kuliko mnunuzi. Misuli isiyozoea kazi inapolemewa hupata michubuko midogo midogo, na mwili hupeleka maji mahali hapo ili kuitengeneza. Ndiyo maana maumivu huzidi kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, na uzito nao unaweza kupanda katika siku hizo hizo. Pia misuli inayotumika mara kwa mara huongeza akiba yake ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa kwa ajili ya nguvu, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ongeza hapo kwamba sehemu ya majimaji ya damu huongezeka kwa anayeanza mazoezi ya pumzi kama kukimbia, na utaona jinsi kilo moja au mbili zinavyoweza kutokea bila mafuta kuzidi hata kidogo. Mafuta hayaji kwa kasi hiyo: kilo moja yake huwakilisha takriban kilokalori 7,700 zilizozidi mahitaji ya mwili, kiasi ambacho ni vigumu kukifikia kwa siku mbili tatu. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze chakula, wakati misuli yake inahitaji protini na nguvu ili ipone, ni kumfukuza mazoezini, na jambo hili linanisikitisha kwa dhati.

Asilimia ya mafuta nayo isichukuliwe kuwa kipimo kamili. Mizani hupitisha umeme hafifu sana kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, ikapima jinsi unavyozuiwa njiani, kisha ikakokotoa jibu kwa kuchanganya umri, jinsia, kimo na uzito. Kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri na mafuta huuzuia, jibu hubadilika ukiwa na kiu, baada ya mlo au mara tu baada ya kutoka jasho. Nilipobadilisha mpangilio kutoka mtu wa kawaida hadi mwanariadha, asilimia ya mafuta ilishuka papo hapo, ingawa mwili uliosimama pale ulikuwa ule ule.

Hata hivyo kuna sehemu moja ninayoisifu bila kusita, nayo ni mchoro wa wastani wa siku saba, ambao kwa bahati mbaya umefichwa ndani ya menyu. Ukijipima asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, wastani huo hupunguza mtikisiko unaotokana na chumvi, usingizi au mzunguko wa hedhi. Wastani huo ukiendelea kupanda kwa wiki nyingi huku kiuno nacho kikipanuka kwenye futi ya kupimia, basi huenda kweli chakula kimezidi, kwa kuwa mazoezi huamsha njaa. Lakini uzito unaopanda ghafla pamoja na miguu kuvimba au pumzi kukata ni jambo la kupelekwa kwa daktari.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Anayetaka mizani imara inayotunza kumbukumbu atafaidika nayo, mradi azime arifa za ushauri siku ya kwanza na autumie ule wastani. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asiitumie sehemu ya kupima mafuta, kwa sababu ya umeme unaopita. Onyo hilo limo katika kijitabu cha maelezo, kwa herufi ndogo kuliko linavyostahili.