Niliifungua iMac yangu ya 2013: kilichochoka kilikuwa diski peke yake

Studio yangu ni chumba kimoja Mwenge, Dar es Salaam. Napiga picha za harusi, sendofu na kipaimara, nahariri mwenyewe, natengeneza albamu. Kazi yote hiyo inapita kwenye iMac moja (kompyuta ya Apple ambayo mashine yote imo nyuma ya skrini) ya inchi 27, toleo la mwisho wa 2013, niliyoinunua mtumba. Mwaka jana ikafikia hatua naiwasha, natoka kwenda kuchukua chai na chapati kwa mama ntilie wa jirani, narudi, na ule mstari wa kuwaka bado haujafika mwisho. Kufungua picha 2,000 za harusi moja ilikuwa kazi ya nusu asubuhi. Wateja wanakaa kwenye benchi wanasubiri pamoja nami, na mteja akisubiri sana anaanza kuulizia punguzo.

Nikaipeleka Kariakoo. Fundi akaiwasha, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Kaka, hii imekula chumvi nyingi. Halafu hizi kioo kimegundishwa, ukilazimisha kinapasuka. Niachie nitoe spea, wewe ongeza hela uchukue nyingine."

Bei aliyonitajia haikufika hata robo ya niliyonunulia. Nikaibeba, nikarudi nayo kwenye bajaji nimeipakata.

Nilikuwa na sababu ya kukataa. Kioo chake ni cha pikseli 2560 kwa 1440 na rangi zake nazijua. Nikichapisha albamu, ninachokiona ndicho kinachotoka. Prosesa ni Intel Core i5 ya koa nne, gigahezi 3.2, bado ina nguvu za kuhariri picha. Na nilipofungua kile kidirisha kinachoonyesha mashine inahangaika na nini, nikakuta prosesa imekaa bure, inasubiri. Inayosubiriwa ni diski: ya kuzunguka, TB 1, mizunguko 7,200 kwa dakika, tangu 2013 haijapumzika. Nilipoipima ilisoma kama MB 70 kwa sekunde. Nikasema hapa mgonjwa ni mmoja, na si kompyuta nzima.

Nilianza na RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kwa sababu kwenye hii ya inchi 27 haihitaji kufungua kioo. Unachomoa waya wa umeme, na ndani ya tundu lile lile la waya kuna kitufe. Ukikibonyeza, kifuniko nyuma kinaachia chenyewe. Nafasi ziko nne. Yangu ilikuja na GB 8, yaani vipande viwili vya GB 4, na nafasi mbili zikabaki wazi. Nikanunua vipande viwili vya GB 8 vilivyotumika, DDR3 za laptop, megahezi 1600, kwa shilingi 70,000. Za zamani sikuzitoa. Jumla ikawa GB 24, na mashine inapokea mpaka 32. Dakika tano, kazi imekwisha.

Niseme hapa hapa kwa anayetaka kununua mtumba: ndugu yake wa inchi 21.5 wa mwaka huo huo hana kile kifuniko. Hata kuongeza RAM tu lazima ukate gundi ya kioo. Na zile za bei ya chini kabisa za 2013 prosesa yake imechomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, haibadilishwi. Kama una uwezo wa kusubiri kidogo, subiri uipate ya 27.

Sasa kioo. iMac za 2009 mpaka 2011 kioo chake cha mbele kilishikwa na sumaku. Mafundi walikivuta kwa vinyonyeo vya mpira tu. Kuanzia mwisho wa 2012 umbo likawa jembamba, ukingoni milimita 5, kioo na skrini vikawa kitu kimoja, na vyote vikashikwa na tepu ya sponji yenye gundi kuzunguka pande zote. Tepu hiyo ukishaikata haifai tena. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote niliagiza tepu mpya, kigurudumu cha plastiki cha kukatia, na bisibisi ya T10, ile ya nyota yenye pembe sita. SSD, yaani diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka, nikachukua Crucial MX500 ya TB 1.

Nilifanya Jumapili, duka limefungwa, mdogo wangu akinisaidia kushika. Tukachomoa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, tukaiacha ipumzike. Hili msilidharau. Ndani ya iMac pawa saplai haina kasha kama ilivyo kwenye CPU za kawaida. Bodi yake iko wazi, na kapasita zake, vile vipande vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki nao hata waya ukiwa mkononi mwako. Sikuigusa kabisa, na mdogo wangu nilimwonyesha ilipo kabla hajaingiza mkono.

Kukata gundi ndiko kulikonitoa jasho. Unaingiza kigurudumu kwenye ule mwanya kati ya kioo na bati, unakiviringisha mbele na nyuma, taratibu, kushoto, juu, kisha kulia. Chini unaacha. Mlio wake ni kama wa kuchana kitambaa kizito. Juu katikati kuna kamera, hapo mkono mwepesi. Nilipozunguka mara ya tatu nikapitisha kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye kona mbili za juu, nikaisukuma kuelekea ndani, na kioo kikanyanyuka kama unene wa kidole. Hapo ndipo wengi wanaua mashine: wanafurahi, wanavuta. Nyuma ya kioo kuna nyaya mbili, mmoja wa umeme wa skrini na mmoja wa picha, tena fupi. Mdogo wangu alikishika kioo kikiwa kimeinama kidogo, mimi nikaingiza mkono na tochi ya simu. Wa umeme unavutwa. Wa picha una kishikizo chembamba cha chuma. Unakiinua kwanza, halafu plagi inatoka kwa kuvutwa moja kwa moja, bila kupindwa. Baada ya hapo kioo kikalala kwenye godoro.

Vumbi nililolikuta sikulitegemea. Kwenye feni lilikuwa limeshikamana kama pamba ya kijivu, na mbele ya njia ya hewa limeganda kwa unyevu wa Pwani. Brashi mpya ya rangi ndiyo iliyofanya kazi, pamoja na uvumilivu. Naamini sehemu ya joto niliyokuwa nailalamikia ilikuwa hiyo.

Diski yenyewe inatoka kirahisi: skurubu chache, vishikio viwili pembeni, waya wa SATA, yaani ule unaounganisha diski na mazabodi. Ni ya inchi 3.5, na SSD ni ya 2.5, hivyo nilitumia fremu ya kuipanua ili ikae imara. Kuna nafasi nyingine ya SSD ya aina ya kipande chembamba, yenye kasi zaidi, ila iko nyuma ya mazabodi. Kuifikia lazima uitoe mazabodi nzima. Kwa kazi yangu sikuona haja ya kuhatarisha kiasi hicho.

Halafu jambo lililoniokoa. Kabla ya kubandika tepu mpya nilirudisha nyaya zote, nikakishikilia kioo kwa tepu ya kawaida ya wapaka rangi kwenye kona nne, nikawasha. Ule mlio wa kuwaka ukasikika vizuri, lakini kioo kikabaki cheusi. Tumbo lilinikata. Nikazima, nikachomoa umeme, nikafungua, na kukuta ule waya wa picha haukuingia mpaka mwisho. Nikausukuma, kishikizo kikalala, nikawasha tena, picha ikaja. Kama ningekuwa nimeshabandika gundi, tepu yote ingekwenda na maji. Jaribu kwanza, bandika baadaye.

Matokeo? Sasa inawaka kwa sekunde 25 hivi. SSD inasoma karibu MB 500 kwa sekunde kwenye njia ile ile ya SATA. Zile picha 2,000 nazipitia nikiwa nimekaa na bwana harusi pembeni, tunachagua pamoja. Feni imetulia kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika. Nilikuwa nimeonywa kwamba ukibadilisha diski feni hupiga kelele moja kwa moja, na kwenye toleo za 2009 mpaka 2011 hilo linajulikana, kwa sababu ya namna zinavyosoma joto la diski. Yangu haikunisumbua.

Upande wa programu, Apple iliishia macOS Catalina kwa toleo hili; huo ndio mfumo wa mwisho iliouruhusu. Nilipotaka kupanda nikatumia OpenCore Legacy Patcher, programu ya bure iliyoundwa na watu wa kujitolea, nikaweka Monterey, mfumo mpya zaidi ya Catalina. Inafanya kazi. Lakini ujue kadi ya picha ya mashine hii, GeForce GT 755M, haimo tena kwenye programu za kuendeshea vifaa (drivers) za Monterey. Ile programu ndiyo inayoirudisha kwa viraka, na ukisasisha mfumo unaweza kulazimika kuviweka upya. Kwa hiyo mimi sisasishi siku yenye kazi ya mteja.

Diski ya zamani haikutupwa. Niliinunulia kasha la nje la inchi 3.5, na hapa wengi hukosea: diski ya ukubwa huu inahitaji volti 12, umeme wa USB pekee hauiendeshi. Chukua kasha lenye adapta yake. Kwa kazi ya kila siku ilikuwa mzigo, lakini kama chelezo (backup) ya pili ya picha za wateja, inayowashwa jioni mara moja kwa wiki, inatosha. Sikuifanya chelezo pekee, kwa umri wake.

Baada ya habari kusambaa, rafiki mwenye ofisi ya uchapaji akaniletea ya kwake, ya inchi 27 kama yangu. Umeme ulirudi kwa kishindo usiku mmoja na mazabodi ikaungua. Alitaka aitupe. Nikamwambia kioo hakijaungua.

Kuna njia ya kuitumia iMac kama monita bila kuifungua, kwenye toleo za 27 kuanzia mwisho wa 2009 mpaka kabla ya zile za 5K, zenye skrini ya pikseli nyingi zaidi, ila lazima mashine yenyewe iwe hai. Hii ilikuwa maiti. Kwa hiyo nilitoa kioo, nikasoma lebo nyuma yake: LM270WQ1, ikifuatiwa na herufi na namba nyingine. Hizo za mwisho ndizo zinazoamua ununue bodi gani ya kuongozea skrini. Bodi ya kwanza niliagiza kwa kutazama mwanzo wa namba tu, ikafika, haikutoa hata mwanga. Nikapoteza hela na wiki tatu. Ya pili nilimtumia muuzaji picha ya lebo nzima, akaleta inayolingana, na adapta yake na kipande kidogo cha bodi chenye vitufe vya mwangaza.

Nikatoa mazabodi, feni na pawa saplai ya zamani, nikaifunga bodi mpya katikati ya lile bati juu ya vipande vya plastiki isiguse chuma. Nyaya nikazitolea kwenye tundu la kifuniko cha RAM, na kile kipande cha vitufe nikakibandika hapo hapo, kidole kinakifikia bila kugeuza mashine. Kwa HDMI laptop yangu ilitoa 1920 kwa 1080 tu, maandishi yakawa na ukungu. Kwa DisplayPort, waya wa picha wa aina nyingine, ikatoa 2560 kwa 1440 kamili. Rafiki yangu alipoiona inawaka juu ya stendi yake ile ile ya alumini alikaa kimya, akaigusa kingo, kisha akauliza kama anaweza kuibeba siku hiyo hiyo. Aliichukua, na RAM zake mbili za GB 4 zikaingia kwenye laptop ya mpwa wangu anayesoma chuo.

Ukinihesabia, mashine yangu imenigharimu kama shilingi 350,000 na Jumapili moja, na nimeshamaliza nayo msimu mzima wa harusi.

Lalamiko langu moja ni tepu. Ile ya kwanza nilichukua ya bei nafuu, ya kukata mwenyewe kwa mkasi. Kufika Januari, joto la Dar likiwa kali, kona ya juu kulia ikaanza kuachia, kama unene wa karatasi. Kila nikiikandamiza inarudi. Nikaagiza seti iliyokatwa tayari kwa A1419, namba iliyoandikwa chini ya stendi, nikafungua kwa mara ya pili, nikasafisha gundi yote ya zamani kwa spiriti kabla ya kubandika, nikailaza usiku kucha kifudifudi juu ya blanketi na vitabu viwili mgongoni. Kona hiyo naipitishia kidole kila nikifungua studio, na haijasogea.