Ngisi wa Sokcho: nimetafunishwa kandambili, kisha nikaambiwa sijui kula

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, leo naitoa. Nilisafiri hadi Sokcho, mji wa wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Korea Kusini, kwa ajili ya kitu kimoja tu: ojingeo sukhoe, ngisi wa kuchemsha. Wengi huko wanafuata ojingeo sundae, ngisi aliyejazwa wali na mboga, na mji umepata sifa kwa hicho. Mimi nilimtaka ngisi mtupu.

Chakula hiki hakina pa kufichia uzembe. Ngisi anazamishwa kwenye maji yanayotokota dakika moja, mbili hazifiki, anatolewa, anatiwa kwenye maji ya barafu, anakatwa vipande vyembamba. Hapo jino linapita bila taabu na utamu wa bahari unabaki mdomoni. Ukimsahau jikoni nyama inajikaza, na hailegei tena mpaka umchemshe muda mrefu mno. Mimi nililetewa huyo aliyesahauliwa.

Mkahawa siutaji, uko karibu na bandari. Kipande cha kwanza nilikitafuna mpaka taya likauma. Nikamwita mhudumu "imo", Wakorea ndivyo wanavyowaita wanawake wa mikahawani; maana yake mama mdogo. Nikamwambia kwa adabu zote, kwa Kikorea, kwamba ngisi amepitiliza moto. Sahani hakuitazama. Akageuka kwa mwenzake akasema, kwa sauti ya kunisikilizisha: wageni hawajui kula ngisi.

Mimi wa Tanga! Niliyekuwa natoa mfuko wa wino kwa vidole bila kuupasua kabla sijafika darasa la nne! Nilihisi uso unawaka. Na ngisi siku hizi Korea ni ghali, maana wanavuliwa wachache kuliko zamani, kwa hiyo pesa niliyolipa si ya mchezo. Nikaomba niongezwe chogochujang, sosi yao nyekundu ya kuchovea. Huku vya pembeni unaongezewa bure, ni desturi ya nchi. Akatikisa kichwa.

Lakini haki yake nimpe: chogochujang ile ilikuwa tamu kupita zote nilizowahi kuonja. Ni gochujang, lile rojo lao la pilipili lililochachushwa, ikatiwa siki, sukari, kitunguu saumu na ufuta. Siki yake ilitangulia, pilipili ikafuata polepole. Unachukua jani la kkaennip, pana kama kiganja, lina harufu inayokaribia mnanaa, unaweka ngisi, sosi kidogo, kipande cha kitunguu saumu kibichi, unafunga, unatia mdomoni lote kwa mkupuo. Kuuma nusu nusu unaharibu. Ndani ya jani lile hata ngisi yule mgumu alilika. Nikawa natafuna huku moyo unapoa, nimeshaanza kusema labda jikoni walizidiwa na wateja, labda niwape nafasi nyingine.

Nikaenda kulipa. Alipokea kadi bila kuniangalia, akairudisha kwa kuitupa juu ya meza. Hapana. Msiende pale, hata kwa sosi ile.

Ila Sokcho nendeni. Kesho yake asubuhi, kwenye vibanda vya gatini, bibi mmoja alinichagulia ngisi hai kutoka kwenye tangi, akamtia chungu mbele yangu. Hakuondoka pale kwenye chungu, hakuzungumza na mtu, macho yako majini tu. Akamtoa, akamkata, akaniwekea sosi ya soya yenye wasabi, lile rojo la kijani linalowasha puani, badala ya chogochujang. Nilidhani nitaikosa ile nyekundu. Sikuikosa, ngisi akiiva sawasawa hahitaji kufunikwa na pilipili, na soya ile ilimwacha aonekane alivyo, mtamu, mwororo.

Nikamwita imo. Akaitika "eung", kama mtu anavyomwitika mtoto wa nyumbani, akaniongezea minyiri kwenye sahani ileile bila kuombwa.