Uzoefu wangu: usiku wa tuzo za César 2025

Wapenzi wengi wa filamu hukesha kwa ajili ya Oscar na kuzipita tuzo za kitaifa za Ufaransa, César. Mimi nilizitazama kwenye televisheni, zile zilizotolewa tarehe 28 Februari 2025 katika ukumbi wa Olympia, Paris, na sijutii usingizi nilioukosa.

Sababu kubwa ni Abou Sangaré, fundi magari kutoka Guinea ambaye hakuwahi kuigiza kabla. Katika L'Histoire de Souleymane ya Boris Lojkine anacheza kijana anayesambaza chakula kwa baiskeli jijini Paris huku akikariri maelezo ya kutoa kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi. Filamu ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2024, na yeye akashinda tuzo ya uigizaji kitengo cha Un Certain Regard, mwenyewe hakuwa na kibali cha kuishi Ufaransa. Alikipata Januari 2025. Mwezi uliofuata jina lake likaitwa Olympia: mwigizaji chipukizi bora wa kiume. Nilisimama sebuleni nikapiga makofi.

Filamu hiyo ilipata tuzo nne, ikiwemo ya Nina Meurisse, mwigizaji msaidizi bora wa kike, kwa nafasi ya ofisa anayemhoji Souleymane. Emilia Pérez ya Jacques Audiard ndiyo iliyozoa nyingi, saba, pamoja na filamu bora na mwongozaji bora. Ni kazi yenye ujasiri, lakini kura yangu ya filamu bora ingekwenda kwa Souleymane bila kusita.

Karim Leklou alikuwa mwigizaji bora wa kiume. Hafsia Herzi wa kike, kwa filamu ya Borgo. Herzi huyu alitwaa tuzo ya chipukizi mwaka 2008, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba chipukizi ni tuzo ya kufutia machozi.

Mapungufu yapo. Sherehe ni ndefu mno, na utani mwingi unawahusu watu wanaojuana humo humo ukumbini. Matangazo niliyoyafuata hayakuwa na tafsiri, na kama Kifaransa chako ni cha kuungaunga utapitwa na hotuba nzuri. Mwigizaji mkongwe Catherine Deneuve, aliyekuwa rais wa sherehe usiku ule, aliutoa kwa heshima ya Ukraine kwa maneno machache tu, na yalinigusa kuliko vichekesho vyote.

Ukipata marudio, tafuta kwanza filamu ya Souleymane uitazame, ndipo uiendee sherehe.